Picha Moja kwa Kila Dakika Kumi

Alunguli, Jumatatu, tarehe 28/6/1999

Kwa mdogo wangu Bulaimu, na Baba akiwa karibu umsomee,

Assalaam aleikum. Sisi huku tupo, ingawa kuwepo kwenyewe ni kwa kubahatisha. Barua hii anaivusha Mama Hadidja chini ya samaki wa moshi. Askari waliofunga mto tangu vita vilipoingia wanamruhusu kuvuka Jumatatu na Alhamisi kwa sababu wanapenda samaki wake, kwa hiyo usimcheleweshe kwa maswali. Mpe jibu, umwache aende.

Mama ana homa tangu wiki iliyopita. Inashuka, tunashukuru, halafu inapanda tena. Kila akiamka anamtaja Baba, anauliza kama treni ya Kongolo imeingia. Anajua vizuri kwamba treni hazifiki tena Kindu, kwenye stesheni ya upande wenu, lakini homa haijui.

Sasa sikiliza habari ya kitenge. Kile cha njano cha Mama nitakitundika kwenye ua, pale juu ya mteremko unaotazama mto. Kikiwepo, maana yake hakuna askari kwenye kivuko chetu na mtu anaweza kujaribu. Kisipokuwepo, msithubutu. Macho ya Baba yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo kazi ya kutazama ni yako peke yako. Ukimwachia yeye, ataona njano hata kwenye majani ya muhogo.

Mama Hadidja anasema umekonda. Kula.

Dada yako,
Rehema

*

Kasuku, kambi ya reli, Alhamisi, tarehe 8/7/1999

Yaya Rehema, dada yangu,

Baba anawasalimu kwa salamu nyingi mno, siwezi kuziandika zote. Amekaa na funguo za ghala la reli kiunoni kana kwamba kuna mzigo utakuja leo. Ghala ni tupu, lina popo tu, lakini yeye analifungua asubuhi na kulifunga jioni.

Tangu nilipomsomea habari ya homa ya Mama hajalala vizuri. Ameazima mtumbwi mdogo, unaoweza kubeba mtu mmoja. Nimemwomba asubiri tumtume Mama Hadidja apeleke dawa, akasema dawa haijui kumshika mtu mkono. Jioni ya jana niliona kitenge vizuri, nikamwambia, akafurahi sana. Sasa anataka kuvuka kesho alfajiri, asali Ijumaa nyumbani. Kama kesho kitenge kitakuwepo, mtarajieni.

Mimi nitabaki kulinda vyombo. Nakula, usihofu.

Mdogo wako,
Bulaimu

*

Alunguli, Jumatatu, tarehe 12/7/1999

Bulaimu,

Baba hakufika. Ijumaa asubuhi tulisikia milio ya bunduki kutoka majini. Mtumbwi uliokotwa Jumamosi na wavuvi, mbali chini, ukiwa mtupu. Mama sijamwambia. Anauliza kuhusu treni, namjibu.

Askari walirudi kwenye kivuko Alhamisi jioni. Kitenge nilikiondoa jioni ileile, kabla giza halijaingia. Ijumaa asubuhi hakikuwepo. Mliona nini, Bulaimu? Mwambie Mama Hadidja kwa mdomo kama huwezi kuandika, lakini niambie mliona nini.

Rehema

*

Trondheim, Norwe, tarehe 14/6/2024

Yaya Rehema,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwa mtu wa Kalima anayeitwa Anaclet. Tumekutana hapa, kwenye foleni ya ofisi, tukasikia kila mmoja Kiswahili cha mwenzake. Nilimtajia Alunguli, akasema mpwa wake Falone ana kioski huko, anachaji simu na kutoa nakala za karatasi. Kumbe Falone anakufahamu. Ndiyo maana barua hii unaisoma kwenye karatasi yake. Kwa simu nisingeweza. Ningesikia sauti yako tu, ningekata.

Barua yako ya mwisho niliipata, na wiki ile ile nilipanda ndege ya mizigo kwenda Goma. Uliniuliza tuliona nini. Kila mwaka uliopita jibu lilizidi kuwa gumu. Habari za kifo cha Mama zilinifikia Kampala kwa mdomo wa watu. Sikuandika hata siku hiyo. Ukitaka kuichana karatasi hii, chana, ila kwanza soma kuhusu mto.

Watu wanaopima maji ya Lualaba wameweka kamera juu ya paa moja huko Kasuku, karibu na bandari. Inatazama mto na upande wenu. Kila dakika kumi inapiga picha moja na kuituma kwenye mtandao, ili wao wajue maji yamepanda au yameshuka. Mtu yeyote anaweza kufungua ukurasa ule. Chini ya picha kuna mstari mrefu, na kwenye mstari kuna kidude cha mviringo. Ukikivuta kulia, saa zinakwenda. Ukikivuta kushoto, siku inarudi. Kuna kalenda pembeni, unagusa tarehe na mto wa tarehe hiyo unakuja. Ukitaka, siku nzima inajipitisha yenyewe kwa muda wa kunywa glasi ya maji.

Mimi nafua mashuka ya hospitali. Mwezi wa sita huku jua halitaki kuzama, na saa zetu ni sawasawa na zenu. Naamka mapema, nakaa jikoni, naufungua mto. Ukungu unapanda na kushuka juu ya maji, halafu mwanga unatoka nyuma ya Alunguli na kuvuka taratibu mpaka Kasuku. Mitumbwi haiendi, Yaya. Mmoja upo hapa, picha inayofuata upo kule, na katikati hakuna kitu. Anayepita haonekani kabisa. Wanaoonekana ni waliokaa: mama mmoja wa ndizi, mbuzi mweupe anayelala kwenye ngazi za bandari. Umeme ukikatika kunabaki viraka vya kijivu, na mimi nakaa kuvitazama vivyo hivyo, kwa sababu najua mto uko nyuma yake. Wiki iliyopita buibui alitandaza utando mbele ya kioo, na kwa siku tatu Lualaba nzima ilipita ndani ya utando. Nilisikitika mtu alipokuja kuufuta.

Juu ya mteremko wenu, ukikuza picha, kuna paa la bati lenye kutu upande mmoja, na mstari mwembamba mbele yake. Nafikiri ni ua wetu. Je, ni ua wetu?

Mdogo wako, kama bado naruhusiwa,
Bulaimu

*

Alunguli, tarehe 22/6/2024

Bulaimu,

Sikuichana. Niliikunja, nikaiweka chini ya mkeka, nikaitoa, nikaisoma tena. Kwa hiyo Wazungu wamekupa kamera ya kutuchungulia, lakini miaka ishirini na mitano hukupata kalamu. Nimesema, sasa imetoka moyoni, sitaisema mara ya pili katika barua hii.

Ndiyo, ni ua wetu. Bati lile lenye kutu ni la upande wa jikoni, nimelibadilisha mara moja nalo limeota kutu tena. Mbuzi simjui. Mama wa ndizi atakuwa Josiane, huyo hata mvua haimwondoi.

Mama alikufa mwaka 2011, mwezi wa Ramadhani, akiwa na akili zake zote. Alikuwa na ombi moja tu: Baba asomewe khitma. Alinisihi akiwa mzima, akanisihi akiwa mgonjwa. Alisema mtu hawezi kuachwa majini hivi hivi bila hata dua ya watu wake. Nilikataa. Nilimwambia tusubiri, labda Baba yuko mahali, labda alichukuliwa mateka. Shehe Twaibu naye ameniuliza zaidi ya mara tatu, mara ya mwisho ilikuwa Idi iliyopita. Majirani wanadhani mimi ni mbishi. Sababu ninayo, ila si ya kuandika kwenye karatasi inayopitia kioski cha Falone, ingawa yeye ni msichana mzuri na ananiapia kwamba hasomi. Anasoma. Naona anavyonitazama.

Barua zangu naandika kwa mkono, yeye anazipiga picha na kukutumia. Niambie kama mwandiko unasomeka.

Hao watu wa huko wanakupikia nini?

Rehema

*

Trondheim, tarehe 30/6/2024

Yaya,

Mwandiko unasomeka. Herufi yako ya R bado ina mkia mrefu. Najipikia mwenyewe: wali, samaki, na majani fulani ninayojidanganya kwamba ni sombe ya muhogo.

Nina ombi, na ukiona halifai usilijibu. Nimekuwa nikitazama ua ule kila siku, na kila siku ni mstari tu. Nataka nijue kwamba kuna mtu nyuma yake. Je, unaweza kutundika kitenge? Si lazima kile cha Mama. Chochote cha njano, pale pale, alfajiri, kabla sijaenda kazini. Kamera itakuona bila wewe kufanya lolote.

Najua ni kitenge na najua ni wapi. Labda ndiyo sababu naomba. Nimechoka kuogopa rangi.

Bulaimu

*

Alunguli, tarehe 7/7/2024, Jumapili

Bulaimu,

Tangu mwaka ule sijaanika kitu cha njano kwenye ua huo. Nguo naanikia nyuma ya nyumba, na watu wanafikiri naogopa wezi. Barua yako nimetembea nayo siku tano.

Leo nimekitundika. Ni kile kile cha Mama, kimepauka. Niliamka, nikaswali, nikatoka saa kumi na mbili kamili, nikakifunga kwa vibanio vinne. Nilisimama kando yake kidogo kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango. Saa moja na nusu nimekitoa, nikaenda sokoni. Ulikiona? Niambie kilionekanaje kutoka kule.

Rehema

*

Trondheim, tarehe 7/7/2024, jioni

Yaya wangu,

Nimekiona. Nilikuwa jikoni tangu saa kumi na moja na nusu, nikingoja kila picha. Saa kumi na mbili na dakika kumi kilikuwepo, kidogo lakini wazi, na nyuma yake anga lilikuwa linaanza kuwa jekundu. Kilikuwa kinapepea, kwa sababu kwenye picha iliyofuata upande mmoja ulikuwa umeinuka. Nililia, sikuficha. Kazini waliniuliza macho yamefanya nini, nikasema sabuni.

Asante. Hujui umenipa nini.

Bulaimu

*

Alunguli, tarehe 15/7/2024

Bulaimu,

Barua yako nzuri niliisoma mara nne, halafu nikataka na mimi nikione. Si kwa ajili yako. Nilitaka nione alichokiona Baba, kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kusimama Kasuku alfajiri ya kiangazi na kutazama kwetu. Mtu wa Alunguli akivuka asubuhi anakwenda na uso wake mbele, hageuki kuitazama nyumba yake.

Alhamisi nilikwenda kwa Falone. Akafungua ukurasa wako kwenye simu, akanionyesha kidude cha kuvuta, akanifundisha kukuza picha kwa vidole viwili. Tukatafuta tarehe saba. Saa kumi na mbili na dakika kumi: nyeupe. Nilidhani kioo kina uchafu, nikakifuta kwa upindo wa kitenge. Nyeupe. Na ishirini, na thelathini, saa moja, saa moja na nusu. Hakuna ua, hakuna mteremko, hakuna Alunguli. Kilichoonekana ni ncha ya mtumbwi mmoja chini kabisa, basi. Ng'ambo ilianza kutokea saa mbili na dakika ishirini, na wakati huo mimi nilikuwa sokoni na kitenge kiko kwenye sanduku.

Falone akasema labda ni siku hiyo tu. Tukarudisha nyuma. Mwezi wa saba wa mwaka jana, wa mwaka juzi, asubuhi moja baada ya nyingine. Ilikuwa ajabu, Bulaimu, kukaa kwenye kiti cha plastiki huku asubuhi za miaka mitatu zikipita kwenye kiganja, zote nyeupe, na ndani ya kila moja mimi nimo, nafagia, nachota maji, na sionekani. Upande wetu jua linatoka mgongoni. Ukungu tunauona mwembamba, tunaona Kasuku juu yake, tunaona mpaka paa la stesheni. Niliamini siku zote kwamba na ninyi mnatuona hivyo hivyo. Kumbe kwa aliyesimama upande wenu mwanga unakuja usoni, na ukungu ni ukuta.

Kwa nini umeniandikia kwamba umekiona? Hata kupepea umeniandikia.

Na ile Ijumaa ulimwambia nini Baba? Nijibu neno kwa neno. Mimi pia nina la kukuambia, lakini wewe kwanza.

Rehema

*

Trondheim, tarehe 21/7/2024

Yaya Rehema,

Neno kwa neno.

Tulisimama chini ya bandari, Baba akiwa na kasia mkononi. Ilikuwa nyeupe mbele yetu, kama ulivyoona. Mimi sikuona hata maji ya hatua kumi. Jumanne alikuwa ameniuliza, nikamwambia hapana, Baba, ukungu. Jumatano akauliza, nikamwambia hapana. Alhamisi hivyo hivyo. Kila mara alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Ijumaa akaniuliza, "Kitambaa ya mama yako iko?" Nikasema, "Iko, Baba." Akaniuliza tena, "Unaiona muzuri?" Nikasema, "Naiona."

Alinishika kichwa, akaingia kwenye mtumbwi. Ukungu ulimchukua kabla hajafika mbali. Nilisikia kasia kwa muda, halafu nikasikia lile ulilolisikia wewe.

Sikumchukia, Yaya, sikutaka afe. Jioni ya Jumatano nilikuwa nimekiona kitenge kwa macho yangu, nikajiambia bila shaka kipo, kwa nini nimnyime mzee furaha kwa ajili ya ukungu? Niliona aibu kumwambia hapana mara ya nne. Ndipo ikaja barua yako, kwamba kitenge ulikiondoa Alhamisi jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nafikiri tangu siku hiyo sijakaa chini. Nilimpeleka Baba kwenye bunduki kwa neno moja.

Tarehe saba nilifanya yale yale. Ulikuwa umesimama kwenye baridi, umenifanyia jambo lililokutisha, nami nikaona picha nyeupe. Ningekuambia nini? Vidole viliandika vyenyewe. Hata sikujua kwamba nadanganya mpaka niliposoma barua yako. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko yote.

Sema lako. Lolote litakalokuwa, nimestahili.

Bulaimu

*

Alunguli, tarehe 29/7/2024

Mdogo wangu,

Nilipomaliza kukusoma hasira ilinipanda mpaka nikasugua sufuria ambazo hazikuwa chafu. Halafu nikakaa. Halafu nikaanza kuandika, nikachana karatasi mbili. Hii ni ya tatu, na ikiharibika nayo nitaituma hivyo hivyo.

Kitenge sikukiondoa.

Alhamisi ile Mama Hadidja alileta barua yako mchana. Nilijua Baba anakuja. Askari walirudi jioni, sita, wakakaa kwenye mteremko, karibu kabisa na ua wetu, wakawasha moto na kuchoma mahindi. Kitenge kilikuwa juu ya vichwa vyao. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na kapu la nguo mkononi, ili nionekane natoka kuanua. Sikutoka. Wakati huo walikuwa wameshamchukua binti wa jirani, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikajiambia watalala, nitatoka. Hawakulala. Nikajiambia Baba ni mtu wa busara, hatakuja. Kulipokucha niliona kitenge kupitia tundu la mlango, kinang'aa, na Kasuku yote naiona ng'ambo, nikajua kwamba na ninyi mnakiona.

Ndivyo nilivyoishi, Bulaimu. Nilimwita Baba kwa mkono wangu mwenyewe, akaja. Kwa sababu hiyo sikuweza kumsomea khitma. Ningekaaje mbele ya watu, nipokee pole zao, na mimi ndiye niliyemwita? Na nilipokuandikia nilitaka angalau mtu mmoja duniani asijue. Nikaandika kwamba nilikiondoa. Ni sentensi moja tu. Sikuwaza hata dakika moja kwamba inakwenda kumwangukia nani.

Sasa nimeona ukungu kwa macho yangu. Baba hakukifuata kitenge changu, kwa sababu hakuna aliyekiona. Hata ningekitoa, ungemwambia kipo. Usishtuke, siandiki hivi nikulaumu. Ulisema kipo bila kukiona, na kilikuwepo. Mimi nilikiona, nikaandika hakikuwepo. Kati yetu wawili, aliyemdanganya mwenzake kwa barua ni mimi. Waliompiga Baba risasi ni wale sita, hawakuwa wewe wala mimi, na sijui kwa nini imetuchukua muda wote huu kukumbuka kwamba walikuwepo. Kosa nililodhani nimemfanyia Baba, kumbe nilikufanyia wewe. Nilikupa mzigo usio wako, ukaubeba mpaka kwenye theluji. Nisamehe. Naomba nikiwa nimekaa chini, na wewe kaa.

Nimezungumza na Shehe Twaibu. Khitma ya baba yetu, Zuberi, itasomwa Ijumaa, tarehe 9 mwezi wa nane, kabla ya swala, pale uani juu ya mteremko. Nimemwomba tuanze saa tano, ukungu ukiwa umekwisha. Nimewaambia wote kwamba kuna mtu anatutazama kwa picha moja kila dakika kumi, kwa hiyo mtu akishakaa akae. Shehe alicheka, akasema hajawahi kusikia sharti kama hilo katika kitabu chochote, lakini halina madhara.

Fungua mto wako. Utakachokiona niandikie. Usichokiona, hicho niandikie zaidi.

Rehema

*

Trondheim, tarehe 9/8/2024

Yaya Rehema,

Nimekusamehe tangu mstari wa tatu wa barua yako, mengine niliyasoma ili niwe na wewe. Nimekaa chini. Naandika nikiwa nimekaa.

Leo niliomba ruhusa kazini. Nilifungua ukurasa saa nne na nusu. Mto ulikuwa umetulia na anga safi, na kivuli cha wingu moja kilikuwa kinatoka Mikelenge, upande wa kamera, kuja kwenu. Saa tano kamili niliona ua na watu sita wenye nguo nyeupe. Na dakika kumi, wakawa kumi na mmoja. Na dakika ishirini, ni wale wale, mahali pale pale, hakuna aliyesogea. Halafu umeme ulikatika huko, kukawa na viraka viwili vya kijivu. Sijui kilichofanyika wakati huo. Nafikiri ndipo mlipofika kwenye dua, lakini nafikiri tu. Mto uliporudi bado mlikuwepo. Saa sita na dakika kumi ua ulikuwa mtupu.

Nami nilisoma Yasini hapa jikoni, kwa sauti. Nilikosea mara mbili nikarudia. Nilipomaliza nililitaja jina la Baba pamoja na la baba yake, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja katika dua ya marehemu.

Halafu nikakutafuta. Wanawake walikaa kushoto, karibu na jikoni, nami nikakuza picha mpaka ikawa vipande vya rangi. Mmoja ameegemea ukuta. Mmoja ameinama. Wawili wamekaa bega kwa bega, na mmoja wao ana kitu mapajani, labda msahafu, labda mtoto. Nilitaka kukuandikia kwamba aliyeinama ni wewe, na kwamba nilikujua mara moja. Nilikuwa nimeshaiandika, nikaifuta. Sikukutambua, Yaya. Miaka ni mingi, na sijui tena unavyokaa.

Niambie ulikuwa yupi.

Mdogo wako,
Bulaimu